Rubani wa Shilingi Elfu Tatu

Siku mjomba alipoiona ndege kwa mara ya kwanza, ilikuwa imelala juu ya meza ya kibanda changu pale Barani, Malindi, ikinuka samaki. Nilikuwa nimeichonga kwa waya wa moto kutoka kwenye maboksi meupe ya foamu, yale wanayosafirishia samaki wa barafu, na kuyaosha kwa sabuni mara tatu hakukusaidia kitu. Paka wa mtaa walijua ninachounda kabla ya majirani. Mjomba akaizunguka meza, akaipima ndege uzito kwa kiganja, akachungulia huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akakosa mwenyeji.

"Rubani wake yuwapi?"

Nikamwambia hana, ndiyo maana zinaitwa ndege zisizo na rubani.

"Chombo hakiendi bila rubani. Kama hayumo ndani basi yuko mahali. Nionyeshe."

Nikamwonyesha kibao cha saketi, kimetulia kiganjani mwangu na nyaya zake zikining'inia.

"Huyu?"

"Huyu, mjomba."

"Umempa ngapi?"

"Elfu tatu na mia moja."

Akakichukua, akakigeuza, akakirudisha mezani taratibu. "Rubani wa elfu tatu. Usimpakize watu."

Mjomba ana haki na neno hilo kuliko mimi. Rubani, kabla ya kupanda ndege, alikuwa mtu wa baharini: yule ajuaye miamba iko wapi na mkondo unavuta kwenda upi. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa Malindi akiwa hana mtu wa kumvusha bahari, mfalme wa hapa akampa rubani, na Mei ya mwaka huo huo Wareno wakafika Calicut, India. Mjini watakwambia rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, yule baharia Mwarabu. Wanahistoria wengi hawakubali, nami sitagombana na mtu barazani kwa ajili hiyo. Ninachokishika ni kidogo tu: Mreno alikuwa na merikebu, mizinga na dira, akakwama kwa kukosa mtu mmoja. Mimi mezani nilikuwa na mbawa, mota na betri.

Nilichotaka ni hiki. Kaskazini ya mji, mto Sabaki unamwaga tope baharini, na wakati wa mvua ghuba yote inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mafungu ya mchanga mdomoni mwa mto hayakai mahali pamoja. Nilitaka kuyapiga picha kutoka juu kila mwezi, kwa njia ile ile na kimo kile kile, ili picha ya mwezi huu niilaze juu ya picha ya mwezi uliopita. Mkono wa mtu aliyeshika rimoti hauwezi kurudia njia namna hiyo. Inataka rubani.

Marubani wa mashine wa tayari wapo, tena wa bure kwa upande wa programu. Paparazzi ilianzia Toulouse, Ufaransa, mwaka 2003. ArduPilot ilikuja miaka michache baadaye, nayo ilianza juu ya kibao cha jamii ya Arduino, vile vibao vidogo vya saketi unavyoviandikia programu mwenyewe, ukoo mmoja na hiki changu. Kama shida yako ni ramani ya shamba na unaitaka wiki ijayo, chukua mojawapo na uache kusoma hapa. Mimi nilikuwa na ugonjwa mwingine. Ninatengeneza simu, nikiona kitu kimefungwa, lazima nikifungue.

Vitu vilishuka kutoka Nairobi kwa basi la usiku, vimeviringishwa kwenye gazeti. Arduino Nano shilingi 750. Kipimo cha mwendo, MPU-6050, shilingi 400. Baromita 250. GPS aina ya NEO-6M, 1,400. Waya, pini na kibao cha kuunganishia vikala 300. Mota, betri na zile sevo mbili za kusukuma vibawa sizihesabu. Hizo ni mikono na miguu, na ndege yoyote ya kuchezea inazo. Chipu ya Nano ni ya biti 8, inapiga mapigo milioni 16 kwa sekunde, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni baiti 2,048. Nimefungua simu za mulika mwizi zenye nafasi kubwa kuliko hiyo.

Kwa nguvu za hesabu, hata hivyo, chipu ile inatosha. Tabu iko kwenye macho na masikio yake.

Jambo la kwanza rubani anatakiwa ajue ni kama bawa limelala au liko sawa. Gizani, au ndani ya wingu, binadamu mwenyewe hajui, mwili unamdanganya. Lawrence Sperry, kijana wa Marekani, alitatua hilo kwa magurudumu ya chuma yanayozunguka kwa kasi. Tarehe 18 Juni 1914, juu ya mto Seine karibu na Paris, alipita mbele ya majaji akiwa ameinua mikono yote miwili, huku fundi wake Emil Cachin akitembea juu ya bawa, na ndege ikajinyoosha yenyewe. Siku hizi kazi ya magurudumu yale inafanywa na vipande vya silikoni visivyoonekana kwa macho, vinavyotetemeka ndani ya chipu. Ukiigeuza chipu, mtetemo unasukumwa pembeni kidogo, na msukumo huo unapimwa kwa umeme. Ndiyo jairoskopu ya shilingi 400. Na kama kila kitu cha shilingi 400, inasema uongo.

Uongo wake ni wa kuteleza. Jairoskopu haikwambii umelala digrii ngapi. Inakwambia unageuka kwa kasi gani. Pembe unaitafuta mwenyewe kwa kujumlisha kasi ile mara hamsini kwa sekunde, na kila unapojumlisha ukweli unajumlisha na kosa. Niliiacha mezani bila kuigusa, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, kompyuta ilikuwa inaniambia ndege imelala ubavu. Ilikuwa mbele yangu, imetulia tuli, na paka mmoja kando yake.

Ndani ya chipu hiyo hiyo kuna akselerometa, nayo ni timazi. Inahisi uzito unavuta upande gani, kama uzi wa mwashi wenye risasi chini. Timazi haitelezi: ukiiuliza leo au kesho, chini ni chini. Basi nikafikiri nimepata shahidi mkweli, nikamtupa jairo. Kosa kubwa. Kwanza mota inamtikisa timazi hadi anapayuka. Pili, na hili lilinila wiki mbili, akselerometa hajui kona.

Chukua kikombe cha chai, panda nacho ndege inayogeuka vizuri huku imelala digrii 30. Chai haimwagiki. Mgeuko unaisukuma chai kwa nje, uzito unaivuta chini, na vikijumlishwa vinaelekea sawasawa kwenye sakafu ya ndege, si kwenye ardhi. Mwulize akselerometa wakati huo, naye atakujibu kwa moyo mweupe: tuko sawa, hatujalala. Rubani wangu akaamini. Alikuwa kwenye kona, akadhani hana kona, akaongeza kona. Ndege ilijifunga kwenye mzunguko juu ya ufuo, kila duara dogo kuliko la kwanza, ikashuka kama skrubu ya mbao hadi mchangani. Bawa la kushoto likaenda vipande vitatu. Nikarudi sokoni kuomba boksi jingine.

Nilichofanya baadaye ni kile kila kadhi anakijua: mashahidi wawili, kila mmoja na udhaifu wake, na huna wa tatu. Jairo ni mkweli kwa sekunde moja na mwongo kwa dakika kumi. Timazi ni kinyume chake. Basi kwa kila hesabu nikamsikiliza jairo asilimia 98 na timazi asilimia 2. Hizo 2 ni chache mno kutikiswa na mota, lakini zikijirudia mara hamsini kwa sekunde zinamvuta jairo polepole arudi kwenye ukweli. Halafu nikaondoa ushahidi wa kona: kasi ya ndege mara kasi ya kugeuka ndiyo mchapuko wa kona, unautoa kwenye kile anachohisi timazi kabla ya kumwamini. Mistari ya programu haifiki kumi. Wiki mbili, mistari kumi.

Baromita ilinichekesha. Inapima kimo kwa mgandamizo wa hewa. Usawa wa bahari, hektopaskali moja ni kama mita nane na nusu. Niliiziba kwa kipande cha sponji ya godoro, maana upepo ukipuliza kwenye tundu lake inadhani umepanda au umeshuka. Asubuhi moja niliiwasha saa nne, nikaisahau juu ya rafu. Saa kumi jioni ilisema kibanda changu kimepaa karibu mita 20. Nikaibadilisha, nikadhani mbovu. Mpya ikasema vile vile siku iliyofuata. Kumbe hewa nayo inajaa na kupwa. Kwenye nchi za joto mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kilele kama saa nne, mshuko kama saa kumi, hektopaskali mbili au tatu. Mtu aliyekulia ufukweni, anayejua bamvua na maji mafu tangu utotoni, sikuwahi kufikiria kuwa nimekaa chini ya bahari nyingine. Dawa yake ni rahisi: sifuri iwekwe upya kabla ya kila safari, na safari ziwe fupi.

Nikawa na rubani ajuaye amekaaje. Sasa afanye nini?

Rubani wangu wa kwanza alikuwa na amri moja: ukilala kulia, sukuma kushoto, na ukilala sana, sukuma sana. Inaonekana akili. Hewani ilikuwa ni kuyumba kusikokwisha, kulia, kushoto, kulia, kama mlevi anayetafuta mlango. Nikipunguza nguvu, ndege inakuwa mvivu na upepo unaibeba. Nikiongeza, inatetemeka. Nilikaa na namba ile moja mwezi mzima, nikiipandisha na kuishusha.

Mwezi ule mjomba alikuwa anapeleka mashua Ngomeni kutiwa mbao mpya, akanitaka niende naye. Kusi, ule upepo wa kusini, lilikuwa bado lina nguvu, likitusukuma kwa nyuma kidogo upande wa kulia. Tulipoipita Mambrui akanipa kana, ule mpini wa usukani, akaenda kukaa karibu na mlingoti na kikombe chake cha kahawa. Nikafanya kama rubani wangu. Omo, pua ya mashua, ikienda kulia, nasukuma. Ikipita kushoto, nasukuma tena. Nyuma yetu povu lilijiandika kama nyoka.

"Waukoroga," mjomba akasema bila kugeuka.

"Nautuliza, mjomba."

"Waukoroga. Omo ikianza kurudi, nawe rudisha kana. Usingoje ifike. Ukingoja ifike ushachelewa, yapita."

Nikajaribu. Nyoka akanyooka kidogo. Lakini sasa tukawa twasogea pwani, polepole, omo ikiwa sawa na kilima alichonionyesha lakini siku zote kando yake kwa unywele. Nikamwambia. Akaja, akaweka mkono wake juu ya wangu, akaivuta kana vidole viwili hivi upande wa pwani, akaiacha pale. "Upepo haukusukumi mara moja ukaacha. Wakusukuma kutwa. Basi nawe kana yako ikae imeegemea kutwa. Isirudi katikati."

Kana haikurudi katikati. Mashua ikaenda kama imechorwa na rula.

Wenye kusoma uhandisi wameshajua nilichoambiwa. Yale ni maneno matatu ya kanuni ambayo leo iko kwenye marubani wa mashine wengi na mitambo mingi ya viwandani: tazama kosa la sasa, tazama kosa linabadilika kwa kasi gani, na kumbuka kosa lililolimbikizana. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alichapisha hesabu zake za kuongoza meli kwa mashine, na mfumo wake ukajaribiwa kwenye manowari ya Marekani iitwayo New Mexico. Hakuitoa kanuni ile hewani. Alitazama washika usukani wanavyofanya, akaona mzuri wao hatazami tu amekosea kiasi gani, bali pia kosa linakwenda wapi na limekaa muda gani. Nilipolisoma hilo baadaye niliona haya kidogo. Mwezi mzima nilikuwa nahangaika na namba moja, na mwalimu anakunywa kahawa nyumbani kwa mama yangu kila Ijumaa.

Jioni tulipokaribia Ngomeni ile milingoti ya chuma ilisimama majini mbele yetu, jukwaa la San Marco la Waitaliano. Setilaiti zilirushwa pale kati ya 1967 na 1988. Ile ya tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya Jamhuri, ilipewa jina Uhuru, na ndiyo ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza nyota zinazotoa miali ya eksirei. Mjomba aliyatazama majukwaa, akasema samaki wanapenda kivuli chake.

Nyumbani niliandika upya kila kitu. Namba tatu badala ya moja. Mafunzo mengine yakaja moja moja. Ya GPS, kwa mfano: inazungumza herufi kama 960 kwa sekunde, na sentensi yake moja inafika herufi 82. Programu yangu ilikuwa inasimama kuisubiri sentensi iishe, yaani sehemu ya kumi ya sekunde bila kidogo, na muda wote huo hakuna aliyeshika usukani. Ndege ilikuwa inashtuka kila sekunde kama mtu anayesinzia. Sasa inaokota herufi moja, inarudi kwenye usukani, inaokota nyingine.

Lile kosa la kulimbikiza nalo lina hila yake. Siku moja niliwasha rubani, nikaishika ndege mkononi, nikawa nabishana na kijana aliyenisaidia kuhusu upepo unatoka wapi. Dakika mbili hivi. Mkononi ndege ilikuwa imeinama kidogo kulia, rubani akawa anasukuma kushoto, haioni ikinyooka, anazidi kuweka kinyongo. Nilipoirusha, kinyongo chote cha dakika mbili kikatoka kwa mpigo. Ikapinduka kichwani kwangu. Kinyongo sasa kina kiwango, na hakihesabiwi mpaka ndege iwe hewani.

Na kusi lilinifunza kuwa bawa halijui ardhi. Nilimwamuru rubani ashike mita 12 kwa sekunde, kwa kipimo cha GPS. GPS inapima mwendo juu ya ardhi. Ndege ilipogeuka kwenda kaskazini, upepo wa mita 7 ukiwa mgongoni, rubani akaona kasi imezidi, akapunguza mota, na mbawa zikabaki na mita 5 tu za hewa kupita juu yake. Kwa ndege ile hazitoshi kuibeba. Ikazama kama jiwe kwenye maji ya magotini. Kipimo cha kasi ya hewa kingenigharimu karibu sawa na rubani mzima, kwa hiyo nikaamua mota izunguke kwa nguvu moja safari nzima, na kasi ya ardhini ijipange yenyewe. Ni suluhisho la kimaskini, lakini silibadilishi.

Kabla sijafika kwenye aibu yangu kubwa: Kenya ina kanuni za ndege hizi za mwaka 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Malindi ina uwanja wa ndege wenye abiria wa kweli. Hatukurusha mjini. Tulirusha ufuo wa Mambrui, maji yakipwa, pamoja na mtu mwenye vibali vyake. Huyo mtu yuko kwenye hadithi inayofuata, na hakusema nami kwa wiki mbili.

Kila rubani wa mashine lazima awe na amri ya kurudi. Redio ikikatika, au mwenye ndege akibonyeza swichi, ndege irudi ilikotoka. Kwenye programu yangu amri hiyo niliita "ngamani", kwa ule msemo wetu kwamba uende tezi, uende omo, marejeo ni ngamani. Nilijivunia jina hilo kuliko programu yenyewe.

Hesabu yake ni nyepesi, hasa kwetu. Huku latitudo ya digrii tatu hivi, digrii moja ya longitudo ni karibu sawa na digrii moja ya latitudo, kama kilomita 111 kwa kila moja, kwa hiyo kosaini wanayoihitaji watu wa Ulaya mimi niliiacha. Nilichokuwa mwangalifu nacho ni desimali. Kwenye chipu ile namba za desimali zina biti 32, na longitudo ya 40 na ushei ikihifadhiwa hivyo inaruka kwa hatua za karibu nusu mita, wakati latitudo ya 3 inakwenda kwa hatua za sentimita mbili au tatu. Nikaziweka zote kama namba nzima, digrii mara milioni 10. Nikajiona mtu makini sana.

Jaribio la kwanza tuliipeleka mashariki, juu ya maji. Nikabonyeza swichi. Ikageuka kwa adabu, ikarudi, ikapita juu ya vichwa vyetu. Tukapiga kelele. Tukarudia, mashariki tena, ikarudi tena. Mwenye kibali akasema sasa tupande na ufuo, kaskazini. Ikafika kama mita 300, nikabonyeza ngamani.

Ikaendelea na safari.

Nilifikiri inachukua duara kubwa. Kisha nilifikiri swichi haikushika, nikaibonyeza mara mbili, nikapoteza sekunde ambazo sikuwa nazo. Niliporudisha usukani kwangu ilikuwa nukta, na kusi liko nyuma yake. Redio ikakatika. Na redio ikikatika, rubani wangu mtiifu anafanya nini? Anaita ngamani. Tukasimama ufuoni tukiitazama ndege ikitimiza amri ya kurudi nyumbani kwa kwenda zake.

Siku ya tatu nikapigiwa simu na mfanyakazi wa mashamba ya chumvi upande wa Gongoni. Namba yangu ilikuwa kwenye bawa. Alikuwa ameikuta ukingoni mwa bwawa, nzima isipokuwa pangaboi, imevaa chumvi nyeupe kama bibi harusi. Hakutaka pesa. Alitaka kujua kwa nini inanuka samaki.

Nilikuwa nimeuagiza ubao uandike mahali ulipo kila dakika kwenye kumbukumbu yake ndogo isiyofutika. Usiku ule nilizisoma zile namba: 3.12, 3.11, 3.10, 3.09. Zinapungua vizuri, ndege inakwenda kaskazini. Nikazitazama hadi kahawa ikapoa. Zinapungua. Rubani anaona nyumbani ni 3.12 na yeye yuko 3.10. Nyumbani ni namba kubwa zaidi. Namba kubwa zaidi ni kaskazini zaidi. Kwa hiyo, kaskazini.

Namba zile hazikuwa na alama ya kutoa. GPS haitumi latitudo hasi. Inatuma namba tupu, halafu mkato, halafu herufi, N au S. Programu yangu ilisoma namba, ikaruka mkato, na ile S ikaipita kama kokoto njiani. Tangu siku ya kwanza rubani wangu aliamini yuko upande wa pili wa ikweta, usawa wa Lodwar, ambako latitudo ni ile ile ya Mambrui kwa upande wa kaskazini. Mashariki na magharibi kwake zilikuwa sawa. Ndiyo maana majaribio ya baharini yalifaulu. Kaskazini na kusini aliziona kwenye kioo. Fundi wa Lodwar angeandika programu hii hii, akaitumia maisha yake yote, asijue ina kasoro.

Marekebisho ni mstari mmoja: ukiona S, zidisha kwa hasi moja. Nikauandika, nikakaa tu pale kibandani kwa muda, taa imezimwa.

Baadaye niliipeleka ndege pande nane za dunia, mita 100 kila upande, swichi mkononi, nikirudi na kuandika kwenye daftari la shule la binti yangu. Zote nane zilirudi. Mwenye kibali alikuja siku ya tano, akasimama mbali na mikono nyuma.

Mwezi uliofuata tukaenda mdomoni mwa Sabaki, asubuhi, viboko wameshapanda juu mtoni na wavuvi wa nyavu wameshaondoka. Nilimchukua mjomba. Ndege nikaizika tumbo mchangani nusu dakika, maana jairo lazima apime sifuri yake akiwa hatikiswi na upepo, kisha nikairusha na kuweka rimoti chini. Ikapanda mita 80, ikaenda juu ya tope, ikageuka kwenye fungu la kwanza la mchanga, la pili, la tatu. Kamera ilikuwa inapiga kila sekunde mbili. Mjomba aliweka kiganja juu ya macho akaifuata bila neno mpaka ilipomaliza mstari wa mwisho na kuelekea kwetu.

"Mwaonaje rubani, mjomba?"

Hakujibu upesi. Ndege ilikuwa inakuja moja kwa moja, na ukitazama sana mbawa zake zilikuwa zinacheza kidogo, kulia, kushoto.

"Bado akoroga," akasema.

Nikafungua kompyuta pale pale juu ya boneti ya probox, nikaishusha namba ya kwanza kutoka 1.4 hadi 1.1, nikabadilisha betri.